Maneno na Asili Yake: Aliyepagawa na Mwenye Ari

Karani mmoja wa chama cha ushirika huko Longonot ametuletea swali ambalo, mtu akilisoma mara ya kwanza, laonekana dogo. Chama chake kilipokea barua ya Kiingereza kutoka kwa mnunuzi wa maziwa, yenye kumsifu mzee mmoja mwanachama kwamba ni mkulima "enthusiastic". Kamati ikamwagiza karani aisome barua hiyo kwa Kiswahili mbele ya mkutano. Naye, kwa kuwa ni kijana na msikilizaji mzuri wa redio, akasoma kwamba mzee huyo ni mkulima "aliyepagawa". Vijana wakapiga makofi. Mzee akainuka, akachukua kofia yake na bakora yake, akatoka. Na tangu siku hiyo maziwa yake hayajafika chamani. Alipofuatwa nyumbani alijibu kwamba yeye ni mtu mwenye wajukuu, hana pepo wala hajapata kuwa na pepo, na kama chama kinamdhania hivyo, basi kitafute maziwa kwa walio wazima. Karani anauliza: je, nimekosea?

Jibu letu ni kwamba kijana huyo alikosa mahali pa kulitumia neno, lakini asili hakuikosa hata kidogo. Alipita karibu nayo kuliko alivyojua mwenyewe, na kuliko alivyojua yule aliyeiandika barua.

Neno hilo Waingereza hawakulizaa wao. Walilipata kwa Wayunani wa kale. Kwa Kiyunani "en" ni "ndani", na "theos" ni "mungu". Mtu aliyekuwa "entheos" alikuwa mtu aliyeingiwa na mungu, akasema maneno ambayo si yake na kutenda mambo ambayo si ya kawaida yake. Kuhani mwanamke wa Delphi, aliyeketi juu ya kiti cha miguu mitatu akitoa majibu ya mungu Apollo, alikuwa mtu wa namna hiyo. Wafuasi wa Dionysus, mungu wa mvinyo, waliotoka usiku kwenda kucheza milimani, walikuwa vivyo hivyo. Mwanafalsafa Plato aliandika, sasa yapata zaidi ya miaka 2,300, kwamba hata washairi hawatungi kwa ustadi wao bali kwa kuingiwa hivyo. (Washairi wetu wa Lamu na Mombasa wangalimjibu kwa ukali, maana wao huhesabu mizani.)

Msomaji aliyekulia pwani ameshatambua tunakokwenda. Hali hiyo ndiyo ambayo wazee wetu waliiita kupagawa.

Lakini kabla ya kurudi nyumbani, yafaa tutazame mambo yaliyolipata neno hili Uingereza, kwa sababu yanatufundisha jinsi jina lilivyo na nguvu juu ya mtu. Lilipoingia katika Kiingereza, karibu na mwanzo wa karne ya 17, halikuwa sifa. Nchi ile ilipita katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na dini ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyogombewa. Kila mtaa ulikuwa na mhubiri aliyedai kwamba Mungu amesema naye peke yake. Watu wa namna hiyo ndio walioitwa kwa neno hili, na aliyeitwa hivyo alikuwa ametukanwa. John Locke, mwanafalsafa, aliongeza sura nzima juu ya jambo hilo katika chapa ya nne ya kitabu chake kikubwa, mwaka 1700, akionya kwamba mtu kuwa na hakika sana moyoni si ushahidi kwamba jambo analoliamini ni kweli. Samuel Johnson naye, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alilieleza kuwa ni imani ya bure ya mtu anayejidhania kuwa amefunuliwa siri peke yake.

Aliyeumizwa sana na neno hili ni John Wesley, ambaye wafuasi wake ndio waliokuja kuitwa Wamethodisti, na ambao walifungua misheni yao huko Ribe, nyuma ya Mombasa, mwaka 1862. Wesley alihubiri viwanjani na mashimoni mwa makaa. Watu wakalia, wakaanguka, wakatetemeka. Mwaka 1739 Joseph Butler, askofu wa Bristol, alimwambia usoni kwamba kudai mafunuo ya pekee ya Roho Mtakatifu ni jambo la kuchukiza, na kwamba hakuwa na kazi ya kufanya katika dayosisi ile. Wesley alijitetea kwa miaka mingi, hata akatoa hotuba nzima, iliyochapwa mwaka 1750, kueleza kwamba yeye si mmoja wa watu hao. Fikiri, msomaji: mtu mwenye juhudi isiyo na kifani, aliyesafiri maelfu ya maili juu ya farasi, anajitahidi kukana neno ambalo leo kila mwalimu mkuu huliandika katika barua ya kumsifu mwanafunzi anayetafuta kazi.

Neno lilipoa polepole. Kadiri watu walivyoacha kuogopana kwa ajili ya dini, ndivyo mungu aliyekuwa ndani ya neno alivyosahauliwa, likabaki joto lake tu. Mtu aliyelipenda jambo kwa moyo wote, iwe muziki, iwe kilimo, iwe kukusanya vipepeo, akaanza kuitwa kwa jina lile lile pasipo kutukanwa. Hivyo ndivyo lilivyofika katika barua ya mnunuzi wa maziwa.

Liko na neno jingine la Kiingereza, ndugu yake lakini lenye mwendo wa kinyume, nalo ni "ecstatic". Hilo nalo ni la Kiyunani, na maana yake ni kusimama nje. Kwa lile la kwanza mungu huingia ndani ya mtu. Kwa hili mtu mwenyewe ndiye anayetoka, akasimama nje ya nafsi yake. Na "rapturous" ni la Kilatini, lenye maana ya kunyakuliwa, kama vile mwewe anavyonyakua kifaranga. Wakulima wa Naivasha hawahitaji maelezo zaidi juu ya mwewe. Wakristo wetu nao hulijua neno unyakuo, ambalo ni tafsiri ya neno hilo hilo.

Wala hatuna haja ya kwenda Uyunani kumtafuta mtu aliyepatwa na hali hizi, kwa maana yuko aliyepatwa nazo juu ya Longonot yenyewe. Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti aliyekuwa na umri wa miaka 25, alitumwa na chama cha wanajiografia cha London kupita katika nchi ya Wamasai, katika safari ya mwaka 1883 na 1884. Alitoka pwani na msafara wa watu zaidi ya mia moja, walio wengi wakiwa wapagazi kutoka Unguja, na njiani akaambatana na mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu, Jumbe Kimemeta wa Pangani. Alipofika karibu na ziwa Naivasha alipanda mlima ule, ambao kilele chake kina mita 2,776 juu ya bahari, na ambao jina lake kwa Kimasai husemwa kuwa na maana ya mlima wa migongo mingi iliyoteremka. Akafika ukingoni pasipo kutazamia, akaona shimo kubwa la volkano chini ya miguu yake, na kuta zake zimesimama wima pande zote.

Katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1885 Thomson alikiri jambo la ajabu. Alisema kwamba alishikwa na hamu isiyoelezeka ya kujitupa ndani ya shimo lile, hamu iliyokuwa na nguvu hata ikambidi ajiondoe ukingoni. Naye alikuwa mtu wa vipimo na daftari, aliyeizoea milima.

Nimefikiri mara nyingi juu ya maneno hayo. Kama mmoja wa wapagazi wake ndiye angaliyeyasema, nadhani tungalisoma kitabuni kwamba wabeba mizigo walimwogopa pepo wa mlima, na msomaji wa London angalicheka. Thomson aliyasema juu ya nafsi yake, basi yakahesabiwa kuwa ni uzuri wa lugha.

Na hapo tumeyagusa maneno mawili yaliyo ya mzazi mmoja, mpagazi na kupagawa. Kupagaa, kwa Kiswahili cha zamani, ni kuchukua mzigo begani au kichwani. Ndipo wakaitwa wapagazi wale waliochukua pembe na nguo kati ya bara na pwani kabla ya reli. Lakini pepo naye humpagaa mtu, na mtu aliyepatwa hivyo amepagawa. Fumbo lake ni la mzigo na mbebaji. Huko Unguja na Mombasa, katika ngoma za pepo, mtu aliyeingiwa huitwa kiti, kwa kuwa pepo ndiye anayeketi. Naye pepo husemwa kwamba amepanda kichwani. Huombwa aseme jina lake, hufukizwa uvumba, huulizwa anataka nini. Pepo hao wana makabila yao kama sisi: wako wa Kiarabu, wa Kihabeshi, wa Kibuki waliotoka Bukini, na pwani yetu ya kusini wako hata wa Kimasai, ambao mtu aliyepandwa nao hutaka mkuki. Mmasai wa Longonot akisikia hayo, sijui atacheka au atadai ada.

Tazama basi tofauti iliyopo kati ya lugha mbili. Myunani alisema mungu yuko ndani. Mswahili alisema pepo yuko juu, ameketi, na aliye chini anaubeba uzito wake. Kwa sababu hiyo mzee wetu wa maziwa alipoambiwa amepagawa alisikia kwamba yeye si bwana wa nafsi yake, bali kiti cha mwingine. Mtu wa umri wake akachukia, na mimi simlaumu.

Neno mori nalo ni la safu hii. Husemwa amepandwa na mori, na hapo tena tunaliona lile tendo la kupanda, kama mpanda farasi. Hii ni hasira iliyochanganyika na ushujaa, ambayo mtu hawezi kuizuia. Wamasai, ambao nchi yao ndiyo hii ya Longonot na Suswa, wanaijua sana hali yenyewe: morani katika sherehe zao, na hasa baada ya kukaa porini wakila nyama na kunywa mchuzi uliochemshwa na magome ya mti, hushikwa na kutetemeka mwili mzima, wakalia na kutoa povu, hata wenzao wakawakamata wasijiumize. Hakuna anayemwita morani huyo mgonjwa. Huhesabiwa kuwa ni dalili ya uanaume, na watu hutazama kwa fahari.

Lakini mwanamke akitetemeka je? Hapo ndipo pana neno la kusema. Huko Taita, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wanawake wengi walioolewa walipatwa na hali waliyoiita saka. Mwanamke alisikia filimbi ya treni, au akasikia kiberiti kikiwashwa, naye akaanza kutetemeka mabega, macho yakatazama mbali, asiwasikie waliomwita. Alipoulizwa, alitaka kitu fulani, pengine sukari, pengine sigara, pengine nguo. Dawa ilikuwa kumchezea ngoma yake na kumpa alichokitamani. Bibi Grace Harris, mtaalamu wa mila aliyekaa kwa Wataita miaka hiyo, aliandika juu ya jambo hilo katika makala ya mwaka 1957, naye akaona kwamba vitu vilivyowashtua wanawake wale vilikuwa mara nyingi ni vile vya mjini na vya fedha, ambavyo waume zao walivifikia kwa kazi za mshahara na wake hawakuvifikia. Katika kichwa cha makala aliliandika neno "hysteria", ingawa alilitia alama za kuonyesha kwamba hakuliamini sana. Neno hilo nalo ni la Kiyunani: limetokana na jina la tumbo la uzazi, kwa kuwa waganga wa kale walidhani ndilo linalowatia wanawake wazimu. Basi mhubiri akitetemeka aliitwa mwenye mungu, morani akitetemeka aliitwa shujaa, na mke wa mtu akitetemeka aliitwa kwa jina la kiungo chake.

Yuko na mtu mmoja ambaye jina alilopewa lilimgharimu uhuru. Elijah Masinde wa Kimilili alikuwa kwanza mchezaji hodari wa mpira, hata akaichezea Kenya katika kombe la Gossage dhidi ya Uganda. Uwanjani watu walimshangilia kwa juhudi yake. Baadaye alianzisha Dini ya Msambwa, akahubiri kwamba watu warudie mila za wazee na Wazungu waondoke. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilimpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akakaa huko hadi mwaka 1947; na mwaka 1948 dini yake ikapigwa marufuku. Sisemi kwamba kila alilolihubiri lilikuwa jema. Mafundisho hayo yalifika kwa Wapokoti kwa njia ya Lukas Pkiech, na mwezi wa Aprili 1950 huko Kolloa, katika wilaya ya Baringo, wafuasi wake walikutana na askari wa serikali. Pkiech mwenyewe aliuawa pamoja na watu wake wengi, na maofisa watatu wa Kizungu wakafa. Onyo la Locke lilikuwa na maana yake. Lakini yatupasa kuona kwamba tabibu wa Mathari na mtazamaji wa mpira walikuwa wakimtazama mtu mmoja, mwenye moto ule ule.

Nataja mpira kwa sababu ndiko neno letu lilikopozwa, kama vile lile la Kiingereza lilivyopozwa na muda. Watangazaji wa redio na televisheni na waandishi wa habari za michezo ndio wanaosema mashabiki wamepagawa, na hakuna shabiki anayekwenda kwa mganga kwa ajili hiyo. Enenda Nakuru, katika uwanja wa Afraha (jina ambalo lafanana na neno la Kiarabu la furaha nyingi), siku ya mchezo mkubwa, utaona watu wazima wakikumbatiana na wasiowajua. Wanamuziki nao husema wamewapagawisha wasikilizaji, na hujisifu kwa hilo. Waingereza nao wana neno "fan", ambalo ni kifupi cha neno la Kilatini lililotokana na jina la hekalu. Shabiki wao, kwa asili, ni mtu aliyerukwa na akili hekaluni. Tangu kituo cha mawasiliano ya setilaiti kilipofunguliwa karibu na Longonot mwaka 1970, nchi yetu ikaweza kupokea sauti na picha kutoka ng'ambo kwa njia ya anga, na mashabiki wetu wakapata mahekalu mengi ya mbali.

Kwa hiyo kijana karani alisema lugha ya uwanjani, na mzee akasikia lugha ya ngomani. Wote wawili walikuwa ndani ya Kiswahili sahihi.

Sasa tumfae karani, kwa kuwa barua za namna hii zitamjia tena. Asikimbilie neno la kwanza linalomjia. Shauku ni neno zuri, lakini ndani yake mna kutamani kilicho mbali; mkulima mwenye shauku ya ng'ombe huenda bado hana ng'ombe. Jazba kwa asili ya Kiarabu ni kuvutwa, na masufi husema hivyo juu ya mtu anayevutwa na Mungu hata akasahau chakula. Lakini siku hizi kwetu limekuwa karibu na hasira, mtu husema "usiongee kwa jazba", basi halifai katika barua ya sifa. Hamasa ni bora zaidi. Waarabu walilitumia kwa ushujaa wa vitani, na mshairi Abu Tammam, katika karne ya 9, alikusanya diwani mashuhuri inayoitwa kwa jina hilo. Kwetu limebaki na uchangamfu wake, nalo lafaa sana kwa kijana, kwa mwalimu, kwa kiongozi wa kwaya. Ila kwa mzee aliyekama ng'ombe zake alfajiri kwa miaka mingi, hamasa ina kelele kidogo.

Kwake yeye mimi ningalichagua ari. Wengi hawajui kwamba asili yake kwa Kiarabu ni aibu. Mwenye ari ni mtu anayefanya kazi vizuri kwa sababu angaliona haya kuifanya vibaya, hata kama hakuna anayemtazama. Hana mungu aliyemwingia wala pepo aliyempanda, anajibeba mwenyewe. Na hilo, nadhani, ndilo mnunuzi wa maziwa alilotaka kulisema, ingawa lugha yake haikuwa na neno lake.

Kwa hiyo karani na aandike: "Mzee wetu ni mkulima mwenye ari kubwa na anayeipenda kazi yake." Na kwa kuwa maneno ya kwanza yalisomwa mbele ya mkutano, haya nayo yasomwe mbele ya mkutano, si chumbani kwa katibu. Kabla ya siku hiyo, mwenyekiti mwenyewe aende kwa mzee na watu wawili wa rika lake, wasimtume kijana, wala wasiitie barua katika posta. Wakifika, wasianze na habari za maziwa.